Je, Wajua? Rejeta na Mlima wa Lushoto

Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 kule Tanga pwani, Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka kwa takriban 95 tu. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta: hubana mvuke na kupandisha shinikizo, maji yakapita nyuzi 110 bila kuchemka. Ufa mdogo kwenye rejeta huvujisha shinikizo hilo, na kilomita 33 za kona kutoka Mombo kupitia Soni hazisamehi. Gari litachemsha njiani.

Rejeta ya shaba iliyopasuka fundi huilehemu ikadumu. Tangi la plastiki la rejeta, lililo kwenye magari mengi ya leo, likipasuka ni heri kubadilisha, maana gundi huachia kwa joto. Na tafadhali sana, usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto: shinikizo likitoka ghafla, maji hulipuka kuwa mvuke na kukuunguza uso.