Istilahi za Kompyuta: Akiba, Kibindo na Kiraka

Kazi ya kuunda istilahi haimaliziki pale neno la kigeni linapopatiwa neno la Kiswahili. Humalizika pale msikilizaji anapolisikia neno hilo akaielewa kazi ya kitu chenyewe. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unavyoshika data za faili, na namna hitilafu zake zinavyorekebishwa. Kisha tutapima kama maneno tunayoyatumia yanasema kweli.

1. Kiini

Neno hili halina ugomvi. Kama yai lilivyo na kiini, vivyo hivyo mfumo wa uendeshaji una programu ya katikati yenye mamlaka juu ya kumbukumbu, diski na vifaa vyote. Programu nyingine haziigusi diski. Hupeleka maombi yao kwa kiini. Mifano yetu itatoka katika Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambacho leo kimo pia ndani ya simu za Android.

2. Akiba au kibindo?

Diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 5 hadi 10 kufikia data inayotakiwa, hali kumbukumbu kuu hujibu kwa muda ulio karibu na sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kwa sababu ya tofauti hiyo kubwa, kiini hakiendi diskini kila kinapoombwa. Hukata faili katika kurasa, ambazo kwa kawaida huwa za baiti 4,096, na kuziweka katika kumbukumbu ili zipatikane upesi. Programu inapoandika, kiini hupokea maandishi katika kurasa hizo, huijibu programu kwamba kazi imekwisha, kisha huyapeleka diskini baadaye. Katika mpangilio wa kawaida wa Linux, ukurasa uliobadilishwa waweza kungoja yapata sekunde 30 kabla haujapelekwa.

Mahali hapo pa kungojea ndipo palipopewa jina la akiba. Neno hili lina walakini. Mswahili anaposikia akiba hufikiri juu ya kitu kilichowekwa kwa ajili ya kesho, nayo methali humwambia kwamba akiba haiozi. Lakini hii inayoitwa akiba hupotea mara umeme unapokatika. Aidha, amri ya kuweka kazi katika faili huitwa "Hifadhi", na mtu aliyeitii hana sababu ya kushuku kwamba kazi yake huenda bado haijafika diskini. Maneno mawili ya usalama yametiwa mahali pasipo na usalama.

Tunapendekeza kibindo. Kibindo ni pindo la nguo kiunoni ambamo mtu hutia fedha anazotaka kuzitoa upesi. Ni karibu, ni rahisi kufikia, wala hapana mtu atakayekifananisha na sanduku lenye kufuli, kwani nguo ikifunguka fedha humwagika. Sifa zote tatu ndizo za kitu tunachokieleza. Kitenzi chake cha asili ni kufutika, lakini kwa kuwa neno hilo laweza pia kufahamika kuwa ni kufutwa, ni afadhali tuseme kutia kibindoni.

3. Ukurasa wa deni na makabidhiano

Ukurasa uliobadilishwa kibindoni na ambao haujapelekwa diskini huitwa na mafundi "ukurasa mchafu". Tafsiri hii ni ya neno kwa neno, nayo humfanya msomaji adhani kwamba ukurasa huo umeharibika. Ukweli ni kwamba huo ndio ulio sahihi zaidi; nakala ya diskini ndiyo iliyopitwa na wakati. Twaona yafaa kuuita ukurasa wa deni, kwa maana kiini kinadaiwa kuupeleka. Nayo amri ambayo programu hutoa ili deni lilipwe papo hapo na jibu litolewe, tungeiita amri ya kukabidhi.

Kisa kimoja kitaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2018 watayarishaji wa PostgreSQL, programu ya kutunzia kanzidata, walitambua kwamba walikuwa wameielewa vibaya amri hiyo. Walidhani kwamba diski ikikataa kuandika na amri ikajibu kwamba imeshindwa, yatosha kuirudia. Kumbe Linux, baada ya kutoa habari ya kushindwa, huuhesabu ukurasa ule kuwa hauna deni tena. Amri ya pili ilipotolewa ilijibu kwamba mambo ni salama, ilhali data hazikuandikwa popote. Kwa lugha tunayoipendekeza twaweza kusema kwa sentensi moja: kiini kilifuta deni bila kulilipa. Mnamo Februari 2019 PostgreSQL ilitolewa ikiwa na marekebisho: makabidhiano yakishindwa, programu hujisimamisha yenyewe na kuanza upya kwa kusoma daftari lake la matukio.

4. Kiendeshaji, hitilafu na kiraka

Diski hushindwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kasoro katika programu inayoiunganisha na kiini. Programu hii huitwa kiendeshaji. Tahadhari yahitajika, kwa sababu diski yenyewe nayo huitwa kiendeshi, na silabi chache hazitoshi kutenganisha chombo na programu. Tungeshauri chombo kiitwe diski tu. Utafiti wa Andy Chou na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba kiwango cha makosa katika viendeshaji vya Linux kilifikia mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za kiini.

Kosa la namna hiyo wengine huliita mdudu. Twaona hitilafu ni bora, kwani mdudu huingia kutoka nje, lakini hitilafu hii imeandikwa na mtu. Marekebisho yake tuyaite kiraka, neno ambalo kila mshonaji analijua. Mnamo Machi 2022 Max Kellermann alitangaza hitilafu ya Linux iliyomwezesha mtumiaji asiye na idhini kubadilisha kurasa za faili zikiwa kibindoni, hata faili ambazo aliruhusiwa kuzisoma tu. Kiini hakikuziandika kurasa hizo kuwa za deni, hivyo nakala ya diskini iliweza kubaki salama hali kila msomaji alipewa ile iliyochezewa. Kiraka chake kilikuwa cha mistari miwili. Anayeita mahali pote pawili "hifadhi" atashindwa kukieleza kisa hiki. Anayetofautisha kibindo na diski atakieleza kwa urahisi.

Haya ni mapendekezo, wala si maneno yaliyokwisha kusanifiwa. Twawaomba mafundi, walimu na wafasiri wayapime katika kazi zao, na mwenye neno lililo bora zaidi alilete, mradi lisimwahidi mtumiaji usalama ambao mashine haijampa.