Mutomboko: Ngoma inayomtembeza mtazamaji

UKITOKA soko la samaki la Kashikishi, wilayani Nchelenge, barabara ya lami iendayo Mansa inaliacha Ziwa Mweru na kukufikisha Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Mwishoni mwa Julai magari hujaa. Watu wanakwenda kumwona mfalme akicheza Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda, ambao mababu zao walivuka Mto Luapula wakitokea Kongo katika karne ya 18.

Wageni wengi hufika mchana, wakatafuta kiti uwanjani na kusubiri. Hapo ndipo wanapokosea.

Mutomboko haianzii uwanjani. Asubuhi Mwata, akiwa amepakwa unga mweupe, huenda Mto Ngona kuwapelekea wahenga chakula. Hupita mahali pa matambiko, kisha ikulu. Alasiri hubebwa juu kwa juu hadi uwanjani. Aliyemfuata tangu mtoni anafika na vumbi miguuni, na anajua anachokitazama. Mfalme aliyevaa mukonso, vazi pana la mikunjo mingi, anaponyoosha upanga juu na kisha kuuelekeza ardhini, hahitaji kuelezwa: anayemweza ni Mungu tu, na kaburi.

Swali hili linawahusu pia wanaopeleka dansi katika majengo ya zamani ya viwanda. Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 katika ghala la eneo la viwanda. Katika jengo la namna hiyo mtazamaji aingilie mlango upi? Aone nini kwanza? Ukimpangia viti safu kwa safu, ghala linakuwa ukumbi kama kumbi nyingine, na kuta zake zinabaki pambo.

Mutomboko nayo haijasalimika. Tangu ilipofanywa sherehe ya kila mwaka, mwaka 1971, imepata uwanja, wageni rasmi na kamera. Sibezi, hayo yameisaidia kuishi. Lakini hema moja la wakubwa likisimikwa vibaya, mama mwenye mtoto mgongoni anabaki kusikia midundo tu, wakati mfalme anayechezwa mbele ya wageni ni wake. Njia ya kutoka ikulu iachwe wazi pande zote mbili, na watoto wakae mbele.

Anayekusudia kwenda alale Mwansabombwe Ijumaa. Jumamosi alfajiri awe tayari njiani kuelekea Ngona, na viatu vya kutembelea.