Kitambaa cha Tanga la Upepo Mdogo

Ndugu wafanyakazi wa Nyundo, kama mnachanga fedha mtie tanga mtumbwi wa Kivu, msikimbilie turubai. Hilo ni la kufunikia mizigo lorini. Upepo ukiwa mdogo, uzito wake hulifanya tanga lining'inie tu. Pwani wazee walishona marekani, pamba iliyoletwa na meli za Amerika karne ya 19: likilowa huwa zito, na huoza. Nailoni ni nyepesi na haiozi, ila huvutika, na jua huila. Poliesta huvutika kidogo, hufaa kukata upepo. Kwa upepo wa nyuma mimi ningechukua nailoni iliyofumwa kwa kubana. Pulizeni kwa mdomo palepale dukani. Pumzi ikipenya, msinunue. Na mawimbi yakianza, lishusheni upesi, halikufanywa kwa dhoruba.