Nilienda Bagamoyo kutafuta picha, nikarudi na wateja

Wauzaji wenzangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mimi nauza vikapu, mikeka na makawa ya ukili mtandaoni. Mwaka wa kwanza wote sikupiga picha hata moja. Nilikuwa nachukua za watu, naposti, mteja akilipa ndio nakimbia sokoni kutafuta kinachofanana. Siku moja dada mmoja akaagiza vikapu 10 vya kugawa kwenye sherehe. Nikampelekea. Jioni akanipigia: "Mdogo wangu, hivi sio vile vya kwenye picha."

Alikuwa sahihi. Nikamrudishia hela yake yote, vikapu vikanidodea, na mtaji ukabaki shilingi 80,000.

Nikawaambia wenzangu watatu, mmoja anauza vitenge, mwingine viungo, mwingine shanga: Jumapili twendeni Bagamoyo, tukapige picha zetu wenyewe. Gari tukaazimwa na kaka wa mmoja wetu, mafuta tukachanga. Nawapa safari nzima ili na nyie mwende.

NJIANI

Kutoka Mwenge mpaka Bagamoyo ni lami mwanzo mwisho. Ondokeni saa 12 asubuhi, foleni ya Tegeta haina huruma. Na msidanganyike kwamba bahari mtaiona njia nzima. Iko mkono wa kulia lakini imejificha, mpaka ukate kona uifuate. Sisi tulikata Kunduchi, pale wanaposhushia samaki. Tukanywa chai na chapati huku ngalawa zinaingia. Mwanga wa asubuhi ni mlaini, kitenge kinatoka na rangi yake halisi. Ikifika saa sita hapo tena, kila kitu kinakuwa cheupe na uso una kivuli.

Ukishapita Bunju na Mapinga, maduka yanapungua, minazi na mikorosho inaanza. Kunyweni dafu, pumzisheni macho.

KAOLE

Kabla ya kuingia mjini kuna njia ya kwenda magofu ya Kaole. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya kale, mengine yana nguzo ndefu. Kwenye makumbusho madogo ya pale kuna vipande vya vyombo vilivyotoka China. Nikacheka peke yangu. Kumbe kuagiza mzigo China hatujaanza sisi! Wale wenzetu waliungoja kwa jahazi na pepo za kaskazi, sisi mzigo ukichelewa wiki mbili tunataka kulia.

Baadaye tope na mikoko ikaziba bandari yao, biashara ikahamia Bagamoyo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Niliona kaburi limekaa vizuri kwenye mwanga, nikaweka kikapu juu yake nipige picha. Mzee anayetembeza wageni akaniita taratibu: "Mwanangu, hapo kuna mtu amelala." Nikatoa kikapu mbio, nikaomba radhi. Akanionyesha kivuli cha mbuyu, pale picha zikatoka nzuri kuliko nilizokuwa nataka. Jamani, tuulize kwanza. Sio kila ukuta wa kale ni studio yetu.

BAGAMOYO MJINI

Huku ndiko ilikoishia misafara ya kutoka bara, hasa karne ya 19. Wapagazi walileta pembe za ndovu, na watu waliletwa kama watumwa. Wajerumani waliufanya makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na boma lao bado lipo. Misheni ya Wakatoliki ilianzishwa 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mzigo kama ule, na walifikisha.

Pale misheni kuna mbuyu uliomeza mnyororo. Nilishaandika posti kichwani: "Mnyororo wa watumwa". Kabla sijaituma nikamuuliza mwenyeji wetu. Akasema hapana, inasimuliwa kwamba mama mmoja aliufunga ili amfungie punda wake. Nikafuta. Mateso ya watu sio ya kunogeshea posti, na mteja akija kugundua umemdanganya historia, hata bei yako hataiamini.

Mchana tulikula soko la samaki: changu wa kukaanga, wali wa nazi, pilipili pembeni. Tukashushia kahawa chungu na kashata. Mwenzetu wa viungo alipiga video sufuria inavyochemka, mpaka leo ndiyo video yake inayotazamwa zaidi. Halafu pwani ile inatazama mashariki. Ukipiga saa kumi jioni, jua liko nyuma yako, bahari inatoka bluu yenyewe.

MAMA WA UKILI

Mtaa wa nyuma tulimkuta mama anasuka barazani. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikaomba kumpiga picha. Akaendelea kusuka. "Mwanangu, wengi wamepiga. Wanaondoka. Sijaona mteja hata mmoja."

Nilinyamaza, maana mimi nilikuwa mmoja wa hao. Picha nilizokuwa naiba mtandaoni zilikuwa za mikono ya mtu kama yeye.

Nikakaa chini, tukaongea biashara. Kikapu kimoja kinamchukua siku tatu, ukindu ukiwepo. Nikanunua vinne, taslimu, bila kumbana bei. Ndio akaniruhusu kupiga picha, mikono tu, sura hataki. Tukakubaliana sichukui oda kuliko anavyoweza kusuka.

Jioni ile niliposti: "Vipo vinne. Nimevipiga picha mwenyewe. Vikiisha, subiri wiki mbili." Nilidhani watu watakasirika kusubiri. Viliisha siku ya tatu, na watu watano wakalipa nusu wangoje.

MKITAKA KWENDA

• Chajini simu na mbebe betri ya akiba.
• Tengeni hela ya kiingilio, mchukue risiti.
• Kwenye makaburi, misikiti na kanisani, vaeni kwa heshima na muulize kabla ya kupiga picha.
• Bebeni bidhaa mbili tatu, sio duka zima.
• Ukimpiga picha fundi, nunua kwake.

Yule dada wa vikapu 10 nilimtumia picha mpya. Akajibu: "Hiki ndicho chenyewe?" Nikamwambia ndicho chenyewe, nimekishika mkononi. Akanunua kimoja. Kimoja tu, lakini alinunua.

Na wewe, picha ulizoposti leo ni za nani?