Je, Wajua? Msamiati wa Mtihani wa Kiingereza

Je, wajua kwamba mtihani wa Cambridge wa umahiri wa Kiingereza ulipofanywa mara ya kwanza, mwaka 1913, ulikuwa na watahiniwa watatu tu? Jumla ya muda wake ilikuwa saa 12: tafsiri, insha, sarufi, matamshi. Wote watatu walifeli.

Je, wajua kwamba katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS msamiati ni robo nzima ya alama za kuandika na za kuzungumza? Lakini mtahini hahesabu maneno marefu. Anayetaka alama 7 atumie maneno yasiyo ya kila siku, na aonyeshe anajua neno lipi huandamana na lipi. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni “heavy rain”, upepo mkali ni “strong wind”. Ukiandika “strong rain” utaeleweka, ila umejitambulisha kuwa mgeni. Hapa ndipo watahiniwa wengi huponzwa: wameokota neno zito mtandaoni, wakalipachika mahali ambapo wenyeji wa lugha hawaliweki. Afadhali daftari lako liwe na sentensi nzima nzima kuliko safu ya maneno pweke.

Je, wajua kwamba orodha yenye faida kubwa ni fupi? Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha matokeo ya kuchambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 hivi. Aliyaweka kando maneno 2,000 ya kawaida kabisa, kisha akateua familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo. Hizo tu hubeba takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Nayo ni maneno kama “analyse”, “policy” na “significant”, yasiyo na mbwembwe yoyote.

Kusoma riwaya au gazeti bila kushika kamusi ni kazi nyingine. Paul Nation, naye wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba zinahitajika familia 8,000 hadi 9,000.

Je, wajua kwamba IELTS hukubali tahajia ya Uingereza na ya Marekani pia? Ila ukikosea herufi katika jibu la kusikiliza, umelikosa swali. Na insha ikithibitika kuwa yote imekaririwa, ni sifuri.

Je, wajua kwamba mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 njia ya kukumbuka kwa kadi na kisanduku chenye vyumba? Neno ulilopata husogea chumba cha mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi zaidi. Ulilosahau hurudi mwanzo, ukutane nalo kesho. Programu nyingi za simu leo zinafuata wazo hilohilo.

Na wauguzi je? Wao wana OET, mtihani wa wahudumu wa afya, ambamo sehemu ya kuandika kwa kawaida ni barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa mhudumu mwingine. Huko, neno la kujionyesha huweza kupunguza alama.