Ujue Mguu Wako Kabla Hujashika Jembe

Mkulima hodari hunoa panga lake kwa tupa, na akiona mpini wa jembe umelegea huukaza kabla ya kwenda shambani. Lakini kiko chombo kimoja akitumiacho kuliko vyote, ambacho kikiharibika hakiuzwi dukani, na pengine tangu kuzaliwa kwake hajakitazama vizuri. Chombo hicho ni mguu wake, kuanzia goti mpaka wayo. Jembe likimponyoka, panga likiteleza, au ng'ombe akirusha teke, mara nyingi mguu ndio unaoumia.

Basi, ndugu mkulima, keti chini, vua viatu, kunja suruali yako, usome habari hizi huku ukiupapasa mguu wako mwenyewe. Ukijua jinsi ulivyojengwa utajua pia ni mahali gani papasapo kulindwa.

MUUNDI

Pitisha kidole mbele ya mguu, chini ya goti. Utagusa ngozi, na chini ya ngozi utagusa mfupa. Hapana nyama katikati. Huo ndio mfupa wa muundi, nao hubeba karibu uzito wote wa mwili. Upande wa nje umesimama mfupa wa pili, mwembamba. Kazi yake kubwa si kubeba, bali kushikilia misuli na kukikinga kifundo kisiende upande.

Kwa kuwa mbele ya muundi hapana nyama, pigo dogo la jembe hufika mfupani upesi. Tena sehemu ya chini ya mfupa huu hupata damu kidogo, kwa hiyo mtu akikatwa au kuvunjika hapo hukawia kupona. Kidonda cha muundi kisichotunzwa chaweza kuwa donda la miezi mingi.

SHAVU LA MGUU NI PAMPU

Sasa shika nyama iliyo nyuma. Hilo ni shavu la mguu. Watu wengi hudhani kazi yake ni kutembea tu, lakini pia ni pampu. Moyo huisukuma damu mpaka vidoleni, na damu hiyo haina budi kupanda tena. Ndani ya mishipa inayoirudisha mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, mfano wa vali ya pampu ya maji. Kila unapopiga hatua, shavu hukaza na kuibana mishipa, damu ikapanda. Likilegea, vilango hujifunga ili damu isirudi chini.

Ndiyo sababu mtu aliyesimama mahali pamoja kutwa, akichagua kahawa au akiuza mboga sokoni, huvimba miguu jioni. Mtu wa namna hiyo na atembee kidogo kila mara, au ainue visigino na kuvishusha mara kadhaa, na jioni apumzike miguu ikiwa imeinuliwa. Lakini ukiona mguu mmoja tu umevimba ghafula, unauma na una joto, usingoje kesho. Huenda damu imeganda mshipani, na hiyo ni hatari kwa maisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

KANO YA KISIGINO

Misuli ya shavu huungana chini ikawa kamba moja iliyoshikamana na mfupa wa kisigino. Ibane kwa vidole viwili juu ya kisigino, utaisikia ngumu kama ukanda wa ngozi. Katika mwili wa mtu hapana kano nene kuliko hii, wala yenye nguvu kuishinda. Ndiyo inayoinua kisigino unapopanda mlima, unaposukuma mkokoteni, na unapojitwika gunia.

Lakini kwa nyuma haina ngao yo yote ila ngozi. Watu wakifyeka nyasi kwa mstari, panga la aliye nyuma laweza kumfikia mwenzake hapo hapo. Nalo jeraha la mahali hapo hudanganya. Laweza kuwa dogo, damu ikatoka kidogo, na aliyeumia bado akaweza kusogeza wayo wake, maana ziko kano nyingine zinazosaidia. Basi hufunga kitambaa akaendelea na kazi. Ngozi hupona, lakini ndani ncha mbili za kano zimeachana, na msuli umeivuta ncha moja kwenda juu. Baada ya miezi mtu huyo huona hawezi kusimama kwa ncha ya mguu wala kupanda kilima na mzigo. Wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Kuna jaribio moja jepesi. Aliyeumia na alale kifudifudi, miguu ikining'inia mwisho wa kitanda. Mtu mwingine alibane shavu la mguu kwa mkono. Kano ikiwa nzima, wayo utasogea wenyewe, vidole vikielekea mbali na mwili. Usiposogea, yaelekea kano imekatika. Hata ukisogea, kila jeraha la kukatwa nyuma ya kisigino lapasa kuonwa na daktari mara moja, kwa kuwa kano huungwa kwa urahisi zaidi katika siku za kwanza kuliko baada ya miezi.

KIFUNDO

Kila mguu una vinundu viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Cha ndani ni mwisho wa muundi. Cha nje ni mwisho wa ule mfupa mwembamba, nacho kimeshuka chini zaidi. Katikati yake umekaa mfupa usioshikwa na msuli hata mmoja. Hushikwa na mifupa jirani na kamba fupi zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kamba za upande wa nje ni dhaifu kuliko za ndani, na kwa hiyo mtu akikanyaga shimo la fuko, mara nyingi wayo hupindukia ndani, na maumivu yakawa upande wa nje.

Mguu ukiteguka, upumzishe, uwekee kitambaa cha maji baridi, uufunge bila kukaza mno, na uuinue. Usikubali kuvutwa kwa nguvu. Na ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kinundu unaona maumivu makali, huenda umevunjika. Nenda ukapigwe picha.

WAYO

Wayo mmoja una mifupa 26. Miguu miwili ina 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Yaani robo ya mifupa yako yote imo katika nyayo. Imepangwa kama daraja la upinde, nayo husimama mahali patatu: kisigino, shina la kidole gumba, na shina la kidole cha mwisho, kama kigoda cha miguu mitatu. Upinde huo hulegea kidogo unapokanyaga, kisha hurudi, na hivyo huupunguza mshindo.

Ngozi ya wayo ni nene, lakini si ukuta. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, navyo huingia kwa tundu la msumari au mwiba. Tena katika nchi za juu zenye udongo mwekundu uliotokana na volkeno, kuna ugonjwa wa kuvimba miguu unaowapata baadhi ya watu wanaolima bila viatu kwa miaka mingi. Daktari Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia katika miaka ya 1970, aliuchunguza sana. Chembe ndogo mno za udongo hupenya ngozini na kuiharibu mishipa inayoondoa maji mwilini. Ugonjwa huu si uchawi, wala hauambukizi, kwa hiyo hapana sababu ya kumtenga mgonjwa. Kinga yake ni viatu, pamoja na kuosha miguu kwa maji na sabuni kila jioni.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Vaa mabuti ya mpira au viatu vilivyofunika wayo. Akala ni bora kuliko miguu mitupu, lakini hazikingi muundi wala kano ya kisigino.

2. Wafyekao pamoja na waachane hatua tano au zaidi, na pasiwe na mtu nyuma ya mwingine.

3. Ukikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mguu mpaka damu ikome. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usitie mavi ya ng'ombe, majivu wala udongo.

4. Nenda zahanati uulize kama wahitaji sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

5. Weka karai na sabuni karibu na mlango. Kila jioni osha miguu, ikaushe hata katikati ya vidole, utazame kama kuna funza, mwiba au ufa. Wenye ugonjwa wa sukari wasikose hata siku moja, maana wao waweza kuumia wasisikie maumivu.