Mbwa Mlinzi Akizeeka Naye Ana Haki Yake

Liko jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatupendi kulizungumza barazani, nalo ni mbwa. Jina lake tu kwetu ni tusi. Mate yake ni najisi, na katika madhehebu ya Shafii tuliyoyarithi kwa wazee wetu, chombo alichokiramba hakina budi kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hayo yanajulikana, wala sikuja hapa kuyapinga. Lakini yanajulikana pia mengine: kwamba mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga ameruhusiwa, na kwamba toka Likoni mpaka Mambrui yako mashamba na maghala ya Waislamu yanayolindwa na mbwa usiku kucha. Swali langu ni hili: mlinzi huyo akizeeka, magoti yakakaza na nyonga zikamwuma, humfanyia nini mwenyewe?

Jibu ninaloliona kwa macho yangu halipendezi. Mbwa aliyelinda mali ya mtu miaka minane au kumi huonekana amelala kando ya lango, haondoki. Mwenyewe husema, "Huyu amekuwa mvivu." Basi hupigwa teke, hupunguziwa chakula, au hutiwa garini akaenda kutupwa mbali. Wengine hutegewa sumu. Mimi nasema kwamba huo mara nyingi si uvivu. Ni maradhi, tena ni ndugu wa yale yanayowasumbua babu na bibi zetu wakati wa kipupwe: baridi yabisi ya viungo.

Maradhi yenyewe

Mahali mfupa unapokutana na mwenziwe, ncha zake zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye kuteleza, na kati yake mna ute wa kulainisha mwendo, mithili ya mafuta katika bawaba ya mlango. Miaka ikipita gegedu hulika. Kiungo huvimba, mifupa huota vinundu, na kila hatua huwa ni maumivu. Baadhi ya mbwa wakubwa, wa aina ya wale wanaotumiwa na polisi, hukua wakiwa na nyonga isiyokaa sawasawa katika tundu lake, na hao huanza kuumwa mapema. Gegedu iliyolika hairudi tena kama ilivyokuwa, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa sana.

Mbwa hana ulimi wa kushtaki. Yatupasa kumtazama. Asubuhi huchelewa kuinuka, na hatua zake za kwanza ni kama za mtu aliyekanyaga miba. Akishatembea kidogo hupata nafuu. Huacha kupanda ngazi alizokuwa akizipanda. Huramba goti lile lile kila siku, na akiguswa kiunoni hung'aka, hata kama alikuwa mpole. Mapaja ya nyuma husinyaa.

Hata hivyo, si kila kuchechemea ni uzee. Huku kwetu kupe ni wengi, na wako wanaoambukiza maradhi ya damu yanayoweza kuvimbisha viungo hata vya mbwa kijana, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo wa kwanza kumwona ni daktari wa mifugo.

Chakula na malazi

Dawa kubwa haiuzwi dukani, nayo ni kumzuia mbwa asinenepe. Huko Marekani wataalamu waliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, wakawagawa wawili wawili. Mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenziwe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa wale waliolishwa kwa kiasi waliishi karibu miaka miwili zaidi, na haja ya kutibiwa viungo iliwajia wakiwa na umri wa miaka 13 hivi, hali wenzao ilikuwa miaka 10. Mbwa aliyenenepa kwa makoko ya wali na mabaki ya karamu anabebeshwa mzigo na magoti yake mwenyewe. Ukipitisha mkono ubavuni mwake, mbavu ziwe zinahisika bila ya kuonekana zimechomoza.

Mafuta ya samaki huwasaidia baadhi yao, kwa kipimo cha daktari. Lakini hayo siyo sifa, mafuta ya maini ya papa wanayopaka mabaharia vyombo vyao. Maini ya samaki huwa na vitamini A nyingi, na hiyo ikizidi huidhuru mifupa yenyewe.

Kisha malazi. Kwa kuwa mbwa wetu halali ndani, mara nyingi hulala juu ya saruji, na wakati wa mvua za mwaka na upepo wa kusi saruji hiyo huwa maji na baridi. Mfanyie kibanda cha makuti upande usiopigwa na upepo, kitanda cha mbao kilichoinuka shibri moja, na juu yake magunia yaliyojazwa usumba. Gharama yake si kubwa. Mkate kucha pia, maana kucha ndefu humharibia mwendo.

Wala asifungwe mnyororo mchana kutwa. Kiungo kisichotumika huzidi kukaza. Atembezwe polepole, mara mbili au tatu kwa siku, mwendo mfupi, juu ya mchanga mgumu au majani.

Kukanda bila kuchafuka

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja mwenye shamba la minazi upande wa Mtwapa namna anavyomkanda mbwa wake naye ni mtu wa sala tano. Akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "mimi simkandi kwa maji. Napasha mchanga, nautia ndani ya mfuko, namwekea nyongani. Kikavu kwa kikavu, hakuna kinachoambukizana." Nami naona ni hekima. Unyevu ndio unaopeleka najisi, na joto kavu hufaa kama la kitambaa cha maji. Mfuko ujaribiwe kwanza kwenye kiwiko cha mwenyewe, usiwe wa kuunguza, na dakika 10 au 15 zatosha. Kiungo kilichovimba na chenye joto kisikandwe. Na dawa huwekwa ndani ya kipande cha nyama, akarushiwa. Hakuna haja ya kugusa kinywa. Mwenye shaka katika mambo ya tohara na awaulize mashekhe.

Ama dawa zenyewe, naomba hili lisisahaulike: vidonge vya binadamu visimkaribie. Brufeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Panadol yaweza kuharibu ini na damu yake. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezewa mbwa, na daktari huzitoa kwa kupima uzito wa mnyama na hali ya figo zake. Zisichanganywe mbili kwa wakati mmoja ila kwa amri yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sote tumesimuliwa tangu chuoni habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mola akamghufiria dhambi zake. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakuwahi kumlindia chochote. Na wengi wetu kila Ijumaa husoma Surat al-Kahf, ambamo anatajwa mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake mlangoni. Basi huyu wetu aliyelala langoni, miguu ikiwa mizito na macho yangali yakitazama njia, alifanya kazi yake sisi tukiwa usingizini. Gunia la usumba, chakula cha kiasi na siku moja ya kumwita daktari si malipo makubwa kwa usiku wote huo.